Herufi Thelathini

Mwalo wa Chabulebe,
Ukerewe.
Jumanne, 3 Juni 2025

Mashimba mwanangu,

Marahaba. Najua umeniamkia huko Igoma uliko, maana mama yako mzazi alikulea vizuri. Mimi ni mzima, ila kompyuta yako ndiyo mgonjwa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu flashi ya orodha za abiria lazima ije Mwanza na boti kila Jumanne, na naona vibaya bahasha kusafiri na kale kadude peke yake. Halafu kwenye simu huwa unanikatiza.

Kwa ufupi, inachelewa. Naandika jina la abiria, nabonyeza, kisha tunabaki kutazamana mimi na kioo. Leo nimehesabu mpaka kumi na nne kabla haijakubali jina la mzee mmoja. Foleni imefika kwenye matope ya mwaloni, pale boti zinapofungwa, nahodha anapiga honi utadhani mimi ndiye injini. Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa shule pale Nansio, sikuwahi kuitwa mzembe. Leo kijana mmoja wa dagaa ananiambia, "Mama, kama umechoka si upumzike?" Nilimjibu, tena vizuri, lakini iliniuma.

Jambo la pili. Huwa narudi kwenye jina kuongeza kitu. Mama akishapita dirishani ndipo naona ana mtoto mgongoni, basi narudi naandika "na mtoto" baada ya jina lake, kwa sababu wachanga hawakatiwi tiketi na fomu ya kampuni haina mahali pao. Nikifanya hivyo ndipo mashine inaganda kabisa. Ninakosea mimi au ni yenyewe?

Nisalimie mkeo Bernadeta. Mwambie sato wanakuja na nahodha, awapokee mapema wasije wakaharibika.

Mama yako,
Paskazia Magesa


Igoma, Mwanza.
Ijumaa, 6 Juni 2025

Shikamoo mama,

Sato tumewapokea, Bernadeta anashukuru sana. Na hukosei. Tatizo nimelijua.

Nilipotengeneza jedwali la abiria, safu ya majina niliiacha inyumbulike. Jina fupi linachukua nafasi ndogo, refu linachukua kubwa. Nilifanya hivyo kuokoa nafasi, maana kompyuta yako ni ya zamani na umeme wenyewe ni wa sola. Ubaya wake unaonekana unaporudi kuongeza maneno. Mstari unanenepa, pale ulipokuwa hapautoshi tena, hivyo kompyuta inauhamishia mwisho wa faili na kuacha alama kwamba mwenye nyumba amehamia kule. Ukimtafuta mtu unatumwa huku, kisha unatumwa kule. Kwa miaka miwili umeandika "na mtoto", "anaumwa", "ana mbuzi wawili". Karibu nusu ya mistari imehama.

Nimebadilisha. Sasa kila jina lina nafasi ya herufi thelathini, sawa kwa wote. Jina likiwa fupi, nafasi zilizobaki zinakaa wazi. Tunapoteza nafasi, ni kweli, lakini hakuna mstari utakaohama, na kompyuta ikimtaka mtu wa arobaini inakwenda moja kwa moja, kama wewe unavyokwenda kwenye rafu ya chumvi dukani bila kuuliza. Nimepitia orodha zako zote: hakuna jina la mtu lililozidi herufi ishirini na tisa.

Chomeka flashi, bonyeza faili la kwanza, nenda kanywe chai. Ila tafadhali mama, kwenye jina andika jina tu. Mambo ya mbuzi tuachane nayo.

Mwanao,
Mashimba


Mwalo wa Chabulebe.
Jumanne, 17 Juni 2025

Mashimba mwanangu,

Mungu akubariki wewe na kizazi chako! Inakimbia hiyo! Nabonyeza, jina limeingia, nabonyeza, limeingia. Yule kijana wa dagaa leo kaniita "mama mkubwa". Nahodha hana tena cha kupigia honi, anapiga basi tu kwa mazoea.

Siku ya kwanza ilikuwa inatoa kisanduku chekundu cha kusema maneno yamezidi, na inasimama mpaka nibonyeze. Foleni ikaanza kurudi. Tangu uliponielekeza kwenye simu jinsi ya kukizima, mambo ni matamu.

Sasa nisikilize. Mbuzi nimewaacha kama ulivyosema. Watoto siwezi kuwaacha. Mtoto mchanga naye ni mtu, anakaa ndani ya boti kama sisi. Nitengenezee safu yao, hata kama ni nyembamba namna gani. Mpaka utakapoitengeneza, nitaendelea kuwaandika palepale kwa mama zao, na usinigombeze.

Paskazia


Igoma, Mwanza.
Ijumaa, 20 Juni 2025

Shikamoo mama,

Siwezi kukugombeza, nianzie wapi? Safu ya watoto nitaiweka mwezi wa nane nikija mwenyewe huko. Kuongeza safu kunataka nilivunje jedwali zima nilipange upya, na sitaki kuligusa sasa hivi wakati linakwenda vizuri. Meneja wa boti ameniita ofisini kunipongeza. Anataka nifunge mfumo huuhuu kwenye mialo mingine mitatu. Mimi niliyefeli hesabu mara mbili!

Endelea hivyohivyo kuwaandika kwa mama zao. Wengi wana majina mafupi, itaingia tu.

Mwanao,
Mashimba


Mwalo wa Chabulebe.
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mashimba,

Utakuwa umesikia redioni. Boti ya Jumamosi ilipinduka, saa nzima kabla ya kufika Mwanza. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo. Niliwaandika wote mimi, dirishani kwangu, mmoja mmoja, na wengine nilitaniana nao.

Simu yangu wamechukua wapelelezi. Kabla hawajaichukua nilikupigia mara sita, hukupokea. Mwezi wa nane haukuja. Sawa, ulikuwa na kazi. Barua hii inakuja na kivuko cha Nansio, nimempa mwanamke wa kanisani kwetu, nisaidie upesi.

Kuna mtu anaitwa Mihayo, fundi seremala wa Mkuyuni. Mke wake alikuwa kwenye ile boti, Wilhelmina Josephat Ng'washi. Walimwopoa Jumapili, amekufa. Alikuwa na mtoto wao mgongoni, Winnie, wa miezi saba. Mashimba, mimi nilimwona huyo mtoto kwa macho yangu. Alishika chuma cha dirisha langu akakataa kuachia, mama yake akawa anambandua kidole kimoja kimoja huku tunacheka. Nikaandika "na mtoto". Naapa mbele ya Mungu niliandika.

Sasa kamati ya kuchunguza ajali wametoa orodha kwenye mfumo wako na mtoto huyo hayumo. Mihayo kawaambia mke wake alikuwa naye, wanamjibu pengine alimwacha kwa bibi yake. Waliookoka mmoja anasema alimwona mtoto, mwingine anasema ulikuwa mzigo wa nguo. Kwa hiyo wanafuata orodha. Waliobaki majini ni wawili tu, na wakishapatikana hao wazamiaji wanaondoka.

Mihayo amekaa nje ya dirisha langu tangu jana. Hagombi. Ananiuliza tu, "Mama, uliandika au hukuandika?" Fungua hiyo mashine yako, umtafute huyo mtoto, uwaambie kamati leoleo.

Paskazia


Igoma, Mwanza.
Jumatano, 10 Septemba 2025

Mama Paskazia,

Shikamoo. Pole sana kwa msiba huu mzito. Sote tumeumia.

Barua yako nimeipata asubuhi hii na nimetazama kwenye mfumo kama ulivyoomba. Mstari wa abiria huyo unaonyesha jina lake, Wilhelmina Josephat Ng'washi, na hakuna neno mtoto. Mfumo unahifadhi kile kilichoingia. Siku ile palikuwa na watu wengi na huenda uliona umeandika kumbe hukuwahi. Mtu yeyote angeweza kusahau.

Meneja ametuagiza tusizungumze na mtu mpaka kamati imalize. Naomba nawe usiseme mengi.

Mashimba


Mwalo wa Chabulebe.
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mashimba,

Hata "mwanao" umeifuta kwenye barua. Haya.

Nimesimamishwa kazi. Barua yao inasema nilipakia abiria bila kumwandika. Wa mwisho kwenye orodha yao walimpata Alhamisi asubuhi, na Alhamisi hiyohiyo mchana wazamiaji wakafunga vitu vyao wakaondoka. Wenyewe wakapeana mikono kwamba hesabu imetimia. Mihayo alikuwa amesimama palepale.

Nilikaa siku nzima nikijiuliza kama kweli nilisahau. Ulinifanya nijitilie shaka, Mashimba, mimi mwanamke mzima. Nililala chini sebuleni kwangu mchana kweupe nikasema basi Paskazia, umezeeka, umemuua mtoto wa watu kwa usahaulifu. Jioni nikajikokota mpaka kwenye ukuta wa ofisi walikobandika orodha.

Mstari wa kumi na moja: Rebeka Victor Okomo na mtoto. Yupo. Mtoto wa Rebeka amehesabiwa, ametafutwa, amepatikana hai ameng'ang'ania boya na mama yake, Mungu ni mwema. Mstari wa ishirini na sita: Wilhelmina Josephat Ng'washi. Halafu kuna herufi moja imesimama peke yake baada ya jina. Herufi n.

Hiyo n ni yangu. Kamati waliiona wakadhani kidole kiliteleza. Lakini wewe umeifungua mashine, umeiona, na kwenye barua yako umeandika jina ukaishia kwenye Ng'washi. Hiyo n umeiacha wapi?

Nataka unijibu kama mtu aliyekula chakula nyumbani kwangu.

Paskazia Magesa


Igoma, Mwanza.
Jumanne, 16 Septemba 2025

Shikamoo mama,

Sistahili kuitikiwa, lakini siwezi kuanza barua kwako bila kukuamkia.

Uliandika. Jina lake lina herufi ishirini na nane ukihesabu na nafasi za katikati. Nafasi moja ikafuata, ya ishirini na tisa, kisha n, ya thelathini. Hapo safu ikaisha, na yaliyobaki ikayatupa. Haikukwambia, kwa sababu kile kisanduku chekundu ndicho kilikuwa cha kukwambia, na mimi ndiye niliyekuelekeza kukizima. Jina la Rebeka ni fupi, la kwake likaingia lote. Hiyo ndiyo tofauti ya watoto wale wawili.

Niliiona ile n dakika ileile niliyofungua. Sikuhitaji hata kuhesabu, lakini nilihesabu, nikarudia mara tatu. Kisha nikakuandikia ile barua. Nilikuwa nimetoka kufunga mfumo kwenye mialo mitatu, nikawaza gereza, nikawaza Bernadeta mjamzito. Nikasema mama Paskazia ni mtu mzima, anaheshimika, watamwonya tu yataisha.

Kuna baya zaidi. Juzi nilikaa nikaupima mfumo vizuri, kazi niliyotakiwa kuifanya Juni. Kule kunyumbulika kwa safu siko kulikokuchelewesha sana. Ni kweli mistari ilikuwa inahama, lakini ucheleweshaji mwingi ulitokana na mimi kutoweka faharasa, ile inayoiambia kompyuta jina liko wapi bila kupekua faili zima. Nilipobadilisha safu niliweka na faharasa kimyakimya, sikukwambia, kwa sababu ningeonekana nilikosea tangu mwanzo. Ilipoanza kukimbia nikaipa sifa safu ya herufi thelathini, na lawama nikawapa watoto na mbuzi wako.

Nimejaribu kuirudisha inyumbulike, faharasa ikiwepo. Tofauti ni sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila abiria. Kwa boti nzima ni sekunde nne. Au ningeiacha na upana wa kudumu lakini wa herufi mia, diski ingejaa mwaka mmoja mapema, basi, hakuna zaidi. Thelathini niliichagua kwa kuangalia majina matupu, nikijua kabisa wewe huandiki majina matupu. Ulinieleza kwenye barua, ninayo hapa. Nikakujibu itaingia tu.

Jana nimepeleka maelezo yote haya kwenye kamati kwa maandishi na sahihi yangu. Nakala yako nimeiambatanisha. Wamesema watakurudisha kazini na wazamiaji wataitwa tena. Mimi wamenitaka nisitoke Mwanza. Ndani kuna bahasha nyingine, ni ya Mihayo. Nimemwomba msamaha. Tafadhali mpe kwa mkono wako.

Mashimba


Mwalo wa Chabulebe.
Jumanne, 23 Septemba 2025

Mashimba,

Marahaba.

Wazamiaji hawakuhitajika. Kamati waliposoma maelezo yako walipiga simu kwenye mialo yote ya pande zote kuuliza kama kuna aliyeokota mtoto. Wakapata jibu siku ileile. Wavuvi wa upande wa Majita waliokota majini mwili wa mtoto wa kike Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, mapema asubuhi. Mtendaji wa kijiji chao alipiga simu kuuliza kama ni wa ajali ile. Akajibiwa kwamba orodha imetimia, hakuna mtoto anayetafutwa. Walimhifadhi siku nzima wakingoja mtu aje kumdai. Jumamosi ikabidi wamzike.

Nilikwenda na Mihayo. Kamati ilitupa gari upande wa pili wa maji. Wanawake wa kile kijiji walikuwa wamemwosha mtoto, wakamvika gauni la mtoto wa mmoja wao anayeitwa Akelo, wakamwimbia. Kaburi ni zuri, wameweka mawe kuzunguka. Kwenye msalaba hawakuandika jina kwa sababu hawakulijua. Akelo alimletea Mihayo nguo alizookotwa nazo, amezifua na kuzikunja. Mihayo alizitambua. Akauliza kama alipozikwa palikuwa na jua au mvua. Akelo akamwambia jua. Akaitikia kwa kichwa, akakaa chini pale kwenye mawe.

Na mimi sitakuacha ubebe peke yako kisichokuwa chako chote. Mwezi wa saba nilichapa orodha kwa ajili ya nahodha nikaona majina mawili yamekatwa mwishoni, "na mt", "na m". Nilidhani ni printa. Hapana, sikudhani, nilijiambia ni printa. Niliogopa nikikwambia utaigusa mashine, foleni irudi, waanze tena kuniita mzee. Hilo nimemwambia Mihayo palepale kaburini, nikiwa nimepiga magoti.

Kisha nikampa bahasha yako. Aliishika muda mrefu bila kuifungua. Akaniuliza, "Huyu fundi wa mashine, mama, alijua lini?"

Ningeweza kumwambia sijui. Nilikuwa na barua zako zote kwenye mkoba, maana nilikuwa nimetoka kuwaonyesha kamati. Nikaitoa ile ya tarehe kumi nikamwonyesha juu kabisa, pale ulipoandika siku. Jumatano. Akahesabu kwa vidole taratibu, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, akarudi kwenye Ijumaa.

Akasema, "Ijumaa nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimekaa tu."

Bahasha yako nairudisha humu ndani. Haikufunguliwa.

Paskazia